Jua na Sumu Iliyomo Majini

Mazungumzo kwa wakulima wa mpunga wa Mwamkulu, Mpanda, na wakulima wengine wote wanaotumia maji ya mifereji

Leo tutazungumza juu ya maji, na hasa juu ya sumu inayoingia majini na jinsi jua linavyoweza kuivunja. Tuna mambo matatu. Kwanza, tutaona jinsi wataalamu wanavyotengeneza unga unaolisaidia jua kuvunja sumu iliyomo majini. Pili, tutaona kwa nini unga huo bado si wa kumwaga kwenye mifereji yetu. Tatu, na hili ndilo kubwa, tutaona mkulima afanye nini leo hii, wakati unga huo bado uko mikononi mwa wataalamu.

Tuanze na mahali petu. Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, ni bonde la mpunga, na mto wake ni Katuma. Lakini Katuma hauishii Mwamkulu. Unateremka mpaka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, unafika Ziwa Chada, na kutoka huko maji huelekea Ziwa Rukwa kwa njia ya Mto Kavuu. Kiangazi kikikaza, viboko hurundikana katika vidimbwi vichache vilivyobaki, mgongo kwa mgongo. Maana yake ni nini, ndugu zangu? Ni kwamba maji yanayotoka kwenye jaruba lako yanangojwa na mtu, ng'ombe au mnyama huko chini. Na wewe nawe uko chini ya mwenzako wa juu.

Maji ya namna hii yanaweza kubeba uchafu wa aina tatu. Aina ya kwanza ni vijidudu, vile vinavyoleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Aina ya pili ni sumu zilizotengenezwa viwandani, yaani viuatilifu: dawa za kuulia wadudu, dawa za kuulia magugu na dawa za ukungu. Aina ya tatu ni metali zenye sumu, kama zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi yetu huitumia kukamatia dhahabu. Tafadhali zishikeni aina hizi tatu, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine. Kwa mfano, maji yakichemka sawasawa vijidudu hufa. Lakini dawa nyingi za magugu hazitoki kwa kuchemsha. Maji hupungua kwa mvuke, sumu inabaki sufuriani, tena katika maji machache zaidi. Kwa hiyo mama anayechemsha maji ya mfereji uliooshewa bomba la dawa ameua vijidudu, lakini sumu hajaitoa.

Sasa basi, tuje kwenye jua.

Redio unayoisikiliza ina ndani yake vipande vidogo vya vitu ambavyo havipitishi umeme vizuri kama waya wa shaba, wala haviuzuii kabisa kama mpira. Vinapitisha kwa masharti. Wataalamu huviita semikondakta. Kile kibao cha umeme wa jua kilichoko juu ya paa la jirani nacho kimetengenezwa kwa semikondakta. Mwanga ukikipiga, chembe ndogo za umeme ziitwazo elektroni huruka kutoka mahali pake, zikapita kwenye waya, na taa ikawaka.

Zipo semikondakta nyingine ambazo hatuzifungi waya. Tunazisaga zikawa unga laini, tunazitia majini, kisha tunaacha jua lizipige. Elektroni zikiruka, hazina waya wa kupita. Basi hufanya kazi palepale, juu ya punje ya unga, dhidi ya uchafu ulio karibu. Unga huo huitwa kichocheo cha mwanga. Huitwa kichocheo kwa sababu wenyewe hauliwi na kazi hiyo. Unaichochea tu, kisha unabaki.

Huenda mtu akasema, ati haya ni mambo ya mbali. Si ya mbali. Tafuta mlango au dirisha lililopakwa rangi nyeupe na kupigwa na jua miaka mingi. Pitisha kiganja chako juu yake. Mara nyingi utaona unga mweupe kama chaki. Weupe wa rangi nyingi hutokana na oksidi ya titani, na oksidi ya titani ni kichocheo cha mwanga. Jua likiipiga, punje zake huanza kuvunja mafuta yanayoshikilia rangi, na rangi inapukutika. Watengenezaji wa rangi huona hiyo ni hasara, na huzivika punje hizo ngozi ya kitu kingine ili zitulie. Anayetaka kusafisha maji anataka kinyume chake: punje ziwe wazi na zifanye kazi kwa bidii.

Titani yenyewe si kitu adimu. Imo hata katika mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa.

Habari hii ilivuma duniani mwaka 1972. Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, waliandika kwamba wameweka kipande cha oksidi ya titani ndani ya maji, wakakimulika, na maji yakagawanyika kuwa hewa mbili, oksijeni na hidrojeni. Mwaka 1977, huko Texas nchini Marekani, Steven Frank na Allen Bard walitia unga wa oksidi ya titani katika maji yenye sianidi, wakaumulika, na ile sianidi ikavunjika. Sianidi mnaijua, hutumika kuoshea mchanga wa dhahabu, na ni sumu ya kuua upesi. Tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamejaribu njia hii kwa viuatilifu, kwa rangi za viwanda vya nguo, na kwa mabaki ya dawa za hospitali.

Je, sumu inavunjikaje? Tutumie mfano wa majaruba.

Chukua majaruba mawili, moja chini, moja juu. La chini limejaa maji, la juu ni tupu. Maji ya jaruba la chini ndiyo elektroni zilizotulia. Ili maji yapande juu, lazima aje kibarua mwenye ndoo, tena mwenye nguvu ya kurusha mpaka kule. Kila mwali wa mwanga ni kibarua mmoja. Wapo wenye nguvu, wapo dhaifu. Kibarua dhaifu hawezi kufikisha maji juu, hata waje elfu moja, maana kila mmoja hurusha peke yake. Mwenye nguvu akija mmoja tu, maji yamepanda.

Maji yakishapanda, kule juu pana maji yanayotaka kushuka, na chini pamebaki pengo linalotaka kujazwa. Vyote viwili vina hamu ya kufanya kazi. Lile pengo likikutana na maji ya kawaida yaliyogusana na punje, hunyang'anya elektroni moja. Hapo hutokea kipande cha maji chenye njaa kali. Kipande hicho hakiishi hata sehemu ndogo ya sekunde, lakini katika muda huo hung'ata chochote kilichotengenezwa kwa kaboni: kijidudu, kiuatilifu, rangi, mafuta. Sumu hukatwa kipande baada ya kipande. Kazi ikifika mwisho, kinachobaki ni hewa ya ukaa, maji, na chumvichumvi kidogo.

Sasa mnaona uzuri wake. Chujio hukamata uchafu na kuuweka, na siku moja chujio hujaa. Lazima ujue pa kulitupa. Kichocheo cha mwanga hakikamati, kinavunja.

Kama ni hivyo, kwa nini tusinunue gunia la oksidi ya titani tukalimwaga mferejini? Hapa ndipo ilipo kazi kubwa ya wataalamu. Wana matatizo matano, na yote matano mkulima anaweza kuyaelewa.

La kwanza ni urefu kati ya majaruba yale mawili. Kwa oksidi ya titani, jaruba la juu liko juu mno. Vibarua wanaoweza kurusha mpaka kule ni ile miali isiyoonekana kwa macho, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani. Katika nguvu yote ya jua inayofika ardhini, miali hiyo ni kama sehemu 5 tu kwa 100. Mwanga unaoonekana, ambao ni karibu nusu ya nguvu ya jua, unapita bure. Ni kama kuwa na vibarua mia moja shambani na kuwatumia watano.

Basi wataalamu wanajaribu kulishusha jaruba la juu. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ukitia nitrojeni kidogo ndani ya oksidi ya titani, huanza kutumia sehemu ya mwanga unaoonekana. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani, China na Japani walionyesha uwezo wa unga mwingine, wa rangi ya njano, uliotengenezwa kwa kaboni na nitrojeni tu. Unga huo unaweza kupatikana hata kwa kuchoma urea, hii hii mbolea yetu, katika chombo kilichofunikwa, kwenye joto la nyuzi 550 hivi. Lakini nawaomba sana, asijaribu mtu nyumbani. Urea ikichomwa hutoa hewa kali zinazoumiza mapafu, na pasipo vipimo vya maabara huwezi kujua umepata nini. Urea yako ipeleke kwenye mpunga.

Tena, kushusha jaruba la juu kuna gharama yake. Likishushwa sana, vibarua dhaifu wataliweza, lakini maji yakiteremka kutoka hapo hayana nguvu ya kuzungusha kinu. Yaani elektroni zinaruka, lakini hazina nguvu ya kutosha kuvunja sumu. Mtaalamu lazima apate kimo kinachofaa, si juu mno, si chini mno.

Tatizo la pili ni kingo kuvuja. Maji yaliyopanda hutaka kurudi chini upesi, kabla hayajafanya kazi yoyote, na nguvu yote inaishia kuwa joto tu. Elektroni nyingi hurudi hivyo. Dawa yake ni kuzipa njia mbili tofauti. Wataalamu huunganisha semikondakta mbili katika punje moja, elektroni zikaenda upande huu na mapengo yakabaki upande ule. Au hubandika vitone vidogo mno vya fedha au platini juu ya punje, ili vizipokee elektroni na kuzizuia zisirudi. Mkulima aliyewahi kutenga mdomo wa kuingizia maji na mdomo wa kutolea anaelewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili.

Tatizo la tatu ni mahali pa kufanyia kazi. Sumu huvunjika pale tu inapogusana na punje, au karibu sana nayo. Kwa hiyo punje zinafanywa ndogo mno, ili unga kidogo uwe na uso mkubwa. Lakini punje ndogo mno huondoka na maji. Umesafisha sumu, na sasa unakunywa unga. Ndiyo maana wengine huuganda unga huo juu ya vioo, mawe au vigae vya udongo. Hapo unga haupotei, lakini uso wa kufanyia kazi unapungua. Hapana budi kuchagua.

Tatizo la nne ni usalama wa kichocheo chenyewe. Ipo semikondakta ya kadimi na salfa inayotumia mwanga unaoonekana vizuri sana. Lakini ikipigwa na jua ndani ya maji, yenyewe huanza kuliwa, na kadimi inaingia majini. Kadimi ni sumu ya figo. Mganga wa namna hiyo anaponya jicho na kuvunja mguu.

Tatizo la tano ni maji yenyewe. Katika maabara maji ni safi, na ndani yake pana sumu ya aina moja. Katika mfereji wa Mwamkulu pana tope, pana majani yaliyooza, pana chumvi za ardhini. Tope huzuia mwanga usizame. Na kile kipande cha maji chenye njaa hakichagui. Hung'ata majani yaliyooza kabla hakijaifikia dawa ya magugu. Zaidi ya hayo, msimu wa kupulizia mpunga ndio msimu wa mvua na mawingu. Jua letu kali ni la kiangazi, na sumu nyingi tunazimwaga masika.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Sumu ikikatwa mara moja haijawa salama. Vipande vya katikati vinaweza navyo kuwa na madhara. Atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, ni mfano mzuri. Oksidi ya titani huanza kuikata, lakini hufika mahali penye kiini kigumu ambacho haikivunji. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hapimi tu kama dawa imetoweka. Hupima pia imegeuka kuwa nini.

Na ile aina ya tatu ya uchafu, yaani metali? Hapa tuseme wazi. Zebaki haivunjiki. Ni kitu kimoja, si kitu kilichounganishwa. Ukikata, ni zebaki ileile. Vivyo hivyo floridi inayochafua maji ya sehemu za Arusha na Manyara. Kichocheo cha mwanga kinaweza kubadili hali ya baadhi ya metali, lakini hakiwezi kuziondoa duniani. Zebaki ikishaingia mtoni, itakaa topeni, itaingia katika samaki, na itarudi mezani.

Basi je, hakuna mahali ambapo njia hii imewafaa wakulima? Pako. Katika jimbo la Almería, kusini ya Hispania, wanalima mboga chini ya mapaa ya plastiki, na wanatumia viuatilifu kwa wingi. Makopo matupu yalikuwa tatizo kubwa. Waliamua kuyakusanya na kuyaosha mahali pamoja, na yale maji ya kuoshea, yaliyojaa sumu, wakayapitisha katika mabomba ya kioo yanayomulikwa na jua, pamoja na kichocheo. Wamejaribu oksidi ya titani, na pia njia nyingine inayofanana nayo, inayotumia chuma kidogo na maji ya oksijeni. Angalieni walichofanya, ndugu zangu. Hawakungoja sumu ienee katika mto mzima ndipo waivunje. Waliikamata ikiwa katika maji machache, mahali pamoja. Jua linaweza kazi hiyo. Kazi ya kuosha mto mzima haliwezi.

Hapa nyumbani pia wapo wanaoshughulikia maji. Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alitengeneza chujio la mchanga na chembe ndogo mno, linaloweza kupangwa kufuatana na uchafu wa mahali. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio lake ni la kukamata, si la kuvunja kwa mwanga, lakini linatufundisha jambo moja: kwanza pima maji yako yana nini, ndipo uchague dawa.

Haya, sasa tufike kwenye jambo la tatu. Mkulima wa Mwamkulu afanye nini?

Kwanza, usioshe bomba la kupulizia wala kopo la dawa mferejini au mtoni. Kopo likiisha, tia maji kidogo, funga, tikisa, kisha yamimine maji hayo ndani ya bomba. Fanya hivyo mara tatu. Maji hayo yapulizie shambani kama dawa ya kawaida. Hujapoteza kitu, maana ile ni dawa uliyoinunua kwa fedha yako. Kisha toboa kopo lisitumike tena, na umwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata mahali pa kulipeleka. Kopo la dawa halibebi maji ya kunywa, halibebi mafuta ya kula, halibebi pombe, hata lioshwe mara mia.

Pili, ukishapulizia dawa jarubani, funga mdomo wa jaruba. Kibandiko cha dawa husema maji yasitolewe kwa siku ngapi. Kama maandishi ni madogo au ni ya lugha usiyoijua, mtafute anayeijua kabla hujafungua kopo. Siku hizo si za bure. Maji yaliyotulia jarubani hupigwa na jua, hugusana na udongo, na vijidudu vya ardhini hufanya kazi yake. Dawa nyingi hupungua nguvu hapo. Jaruba lililofungwa vizuri ni mtambo wako mdogo wa kupunguza sumu, na hukuununua. Ukiufungua mapema, umemhamishia jirani kazi ambayo shamba lako lingeifanya. Kwa hiyo imarisheni kingo kabla ya kupulizia, na msipulizie mvua kubwa ikiwa imetanda.

Tatu, nunua dawa iliyosajiliwa, na kwa kipimo chake. Kazi ya kusajili na kusimamia viuatilifu iko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, haina jina wala kibandiko, usiiguse. Hujui ni nini, na akinywa mtoto, mganga wa zahanati naye hatajua atibu nini.

Nne, tutumie jua kwa kazi inayoiweza leo, yaani kuua vijidudu katika maji ya kunywa. Njia hii ilielezwa na Aftim Acra na wenzake mjini Beirut, na kitabu chao kilitolewa na UNICEF mwaka 1984. Katika Kajiado, nchini Kenya, ilijaribiwa kwa watoto 206 wa Kimasai wenye umri wa miaka 5 hadi 16, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996: watoto waliokunywa maji yaliyowekwa juani waliugua kuhara kidogo kuliko wenzao ambao chupa zao zilikaa ndani.

Hufanywa hivi. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 2 au pungufu, iliyokuwa ya maji au soda. Iwe safi na isiwe na mikwaruzo mingi. Ijaze maji yaliyo maangavu. Kuyapima, simamisha chupa juu ya gazeti, kisha chungulia kutoka juu kupitia mdomo wake. Ukiweza kusoma herufi za kichwa cha habari, yanafaa. Kama ni ya tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyapime tena. Ilaze chupa juu ya bati tangu asubuhi. Siku ya jua, saa 6 zinatosha. Siku ya mawingu mengi, iache siku 2. Siku ya mvua ya kutwa njia hii haifai. Chemsha maji, au tumia maji ya mvua uliyoyakinga vizuri.

Lakini narudia, ili pasiwe na kosa: chupa juani inaua vijidudu. Haiondoi dawa ya magugu. Haiondoi zebaki. Kwa hiyo maji ya kutia ndani ya chupa hiyo yateke kisimani au bombani, si kwenye mfereji unaotoka mashambani msimu wa kupulizia.

Tano, siku moja atakuja mtu na unga ndani ya pakiti, aseme unasafisha maji yote kwa nguvu za jua. Huenda akawa mkweli, maana sayansi hii inakwenda mbele. Msimfukuze, ila mwulizeni maswali manne. Unga huu unavunja nini, na nini hauvunji? Sumu ikivunjika, inageuka kuwa nini, na nani amepima? Unga wenyewe unatokaje majini baada ya kazi? Na katika maji ya tope, siku ya mawingu, unafanyaje? Mwenye majibu, mpelekeni kwa wataalamu wa maji na wa kilimo wa halmashauri wayachunguze. Asiye na majibu, fedha yenu ibaki mfukoni.

Ndugu wakulima, wazee wetu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja dawa mpya ya kuhara igunduliwe. Uchafu waliuzuia pale unapoanzia. Na leo ni vivyo hivyo. Ningependa kila kikundi cha wamwagiliaji, pale Mwamkulu na kwingineko, kikae kikao kimoja kabla ya msimu na kukubaliana mambo matatu: mabomba yataoshewa wapi, makopo yatakusanywa wapi, na nani atawaambia walio chini siku dawa inapopuliziwa juu. Kikao hicho hakina gharama, na hakihitaji mtambo.

Wataalamu waendelee kutafuta kichocheo kilicho rahisi, salama na chenye kutumia mwanga wote wa jua. Tuna haja nacho. Lakini sumu iliyo rahisi kuliko zote kuiondoa majini ni ile ambayo haikuingia.

Kwa leo tuishie hapo. Kama mna maswali, yaandikeni mtuletee, au mkayajadili na bwana shamba wenu.